Matandiko ya mbwa: Anayechana na anayemeza hawanunuliwi kitu kimoja

MFUGAJI wa kuku anayeishi Dar es Salaam na mabanda yake yako Kibaha, au mwenye kiwanja Kisarawe anayejenga kidogo kidogo, humweka mbwa wa ulinzi katika gharama za uendeshaji sawa na mlinzi na tochi yake. Chakula kinaandikwa daftarini, chanjo ya kichaa cha mbwa inaandikwa, dawa ya kupe inaandikwa. Tandiko la kulalia ndilo ambalo mara nyingi haliandikwi, kwa kuwa hununuliwa kwa fedha ndogo na kwa haraka. Leo gunia, wiki ijayo kipande cha godoro, mwezi unaofuata blanketi la mtumba. Mbwa mwenye tabia ya kutafuna huvimaliza vyote, na mwisho wa mwaka hakuna anayejua ni kiasi gani kimekwenda.

Hasara haiishii katika fedha hizo. Mbwa akimeza kipande cha sponji au uzi wa kiroba, utumbo unaweza kuziba, na ulinzi wa banda zima la kuku ukabaki mikononi mwa daktari wa mifugo. Kwa upande mwingine, mwenye mbwa anayekata tamaa na kumwacha alale juu ya saruji tupu naye hapati nafuu. Mbwa mzito anayelala kwenye saruji hutoka sugu viwikoni, na sugu hiyo huweza kuvimba na kujaa maji, kisha ikapasuka na kuwa kidonda. Mbwa mwenye kidonda halindi vizuri.

Swali linalowakabili wanunuzi, na hata wale wanaofikiria kuingia katika biashara hii ndogo, ni tandiko gani linadumu. Jibu linategemea zaidi aina ya mbwa kuliko aina ya kitambaa.

Wapo wa aina mbili

Mbwa watafunaji wako katika makundi mawili ambayo kwa mnunuzi ni muhimu kuliko kabila la mbwa au ukubwa wake. Kundi la kwanza ni la mbwa anayechana. Huyu huvuta, hurarua, hutawanya vipande uwanjani, halafu huviacha. Asubuhi mlinzi akikusanya vipande vyote na kuvipanga anaweza karibu kulitengeneza tandiko upya. Kundi la pili ni la mbwa anayemeza. Kwa huyu, vipande vikikusanywa havitoshi. Kuna sehemu haipo, na sehemu hiyo huonekana baadaye katika kinyesi au katika matapishi.

Kuwatofautisha hakuhitaji mtaalamu. Kinachohitajika ni gunia moja la kujaribia, usiku mmoja au miwili, na mtu wa kuhesabu vipande asubuhi na kuangalia kinyesi kwa siku mbili tatu zinazofuata. Jaribio hilo lifanyike kwa gunia la katani au la juti, kwani kiroba cha plastiki ndicho hasa chenye nyuzi za hatari. Hesabu zote zinazofuata katika ukurasa huu zinasimama juu ya jaribio hilo, na anayeliruka atakuwa ananunua kwa kubahatisha.

Umri pia una nafasi yake. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, na kati ya mwezi wa tatu au wa nne hadi wa saba hivi huyabadilisha na kupata meno 42 ya ukubwani. Katika miezi hiyo fizi zinawasha na hutafuna chochote. Kumnunulia tandiko la bei kubwa wakati huo ni sawa na kumshonea sare ya shule mtoto atakayerefuka kabla muhula haujaisha. Atafaa kwa gunia mpaka meno yakamilike, ndipo tabia yake ya kweli ionekane.

Kwa mbwa mkubwa, sababu ni nyingine. Wengi hufungwa mnyororo au kufungiwa bandani kuanzia alfajiri hadi jioni bila kazi wala mtu. Wengine wana viroboto au kupe, wanajikuna na kuuma kila kilicho chini yao. Joto la Pwani nalo huchangia. Mbwa huparua tandiko akitafuta ardhi ya ubaridi chini yake, na kitambaa kikishapata tundu, meno humalizia kazi ya kucha. Ipo pia sababu moja ambayo wanunuzi huisahau, nayo ni harufu. Gunia lililobeba dagaa, mashudu au pumba ya mahindi lina ladha, na mbwa anayelila hana kosa.

Yaliyopo sokoni

Ukianzia Maili Moja hadi Mlandizi, au kutoka Pugu kuingia Kisarawe mjini, matandiko yanayotumika kwa mbwa karibu yote ni vitu vilivyotengenezwa kwa kazi nyingine. Katika nyumba nyingi za Pwani mbwa haingii ndani, kwa hiyo tandiko lake hukaa nje, kwenye banda au chini ya upenu, likipigwa na mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei na zile za vuli mwishoni mwa mwaka. Tandiko linaloshinda meno lakini likashindwa na unyevu halijamsaidia mnunuzi.

Sponji ndiyo inayopendwa zaidi na ndiyo inayofaa kidogo zaidi. Vipande vya godoro hupatikana kwa mafundi wa makochi, ni laini na mbwa huvipenda. Lakini sponji haina nyuzi za kuzuia jino. Jino likiingia, kipande kinang'oka kizima. Hunywa mkojo na maji ya mvua kama ilivyo kazi yake, na kuikausha wakati wa masika ni shughuli ya siku kadhaa. Kikimezwa, kipande hakiyeyuki tumboni. Wauzaji huisifu sponji kwa uzito wake, wakisema nzito hudumu. Hilo ni kweli kwa mgongo wa binadamu. Kwa jino la mbwa, sponji nzito huchukua usiku mmoja zaidi.

Sufi ni ndugu ya sponji katika suala hili. Misufi ingalipo katika vijiji vya Pwani, na mto wa sufi ni kitu cha kawaida. Mto ukipasuka, sufi hupeperuka, huingia puani na machoni, na mbwa anayemeza huimeza pamoja na mate.

Viroba vya plastiki, ambavyo wengine huviita sandarusi au salfeti, ndivyo vya bei ya chini kuliko vyote na vimejaa kila mahali. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Juni 1, 2019 haikuviondoa sokoni, kwani mchele, unga na chakula cha kuku vinaendelea kusafirishwa ndani yake. Ubaya wake ni namna vilivyofumwa. Kiroba ni utepe mwembamba uliosukwa, na ukikatika mahali pamoja hufumuka kwa urefu. Uzi mrefu ukimezwa, ncha moja huweza kunasa tumboni au chini ya ulimi huku utumbo ukiendelea kuvuta ncha ya pili. Matokeo yake utumbo hujikunja kama suruali yenye mpira kiunoni, na uzi huukata polepole kama msumeno. Madaktari wa wanyama huiogopa hali hii kuliko jiwe au mfupa uliokwama.

Jina la salfeti linakumbusha mbolea, na hapo pana onyo la pili. Kisarawe ni eneo la mikorosho, na salfa ya unga ya kuzuia ubwiri unga huletwa ndani ya mifuko. Mifuko hiyo, pamoja na ile ya mbolea na ya dawa za mashambani, haifai kuwa tandiko hata ikioshwa mara tatu. Mbwa hulamba anapolalia.

Magunia ya katani na ya juti yana heshima yake. Katani ililetwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miaka ya 1960 Tanzania iliongoza duniani kwa uzalishaji wake kabla ya nyuzi za plastiki kuiangusha bei. Gunia la katani ni gumu, linapitisha hewa, na uzi wake ukikatika hutoka mfupi na wenye makapi, tofauti na utepe wa kiroba. Kwa mbwa anayechana tu, hili ndilo tandiko la busara. Lenyewe litachanwa, lakini kwa gharama inayovumilika. Kasoro yake ni kupatikana, kwani mazao mengi siku hizi yanasafiri ndani ya viroba, na gunia zuri la katani hutafutwa.

Matairi yaliyokwisha hukatwa na kugeuzwa kuwa vitanda vya duara, na yapo mahali pengi penye mafundi wa kata mbuga. Ukingo wa tairi unawashinda mbwa wengi, ila ndani ya ukingo huo mna waya. Mbwa akifanikiwa kuufikia waya, atajichoma fizi. Tairi pia hutunza maji ya mvua, na maji hayo ni kitalu cha mbu. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu wa dengue hupenda maji machache yaliyotuama karibu na watu. Tairi lisilotobolewa matundu chini lisiuzwe kama kitanda cha mbwa.

Jino linashika ukingo

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza fedha. Huambiwa kitambaa fulani ni kigumu na hulipa zaidi kwa ajili ya ugumu huo. Kitambaa kigumu kwa hakika husaidia, lakini karibu kila kitambaa kina mwisho wake iwapo mbwa atapata mahali pa kushika. Mbwa hufanya kazi kwa hatua mbili. Meno madogo ya mbele hubana ukingo, mshono, kifungo, zipu au mkunjo, kisha kipande hupelekwa pembeni ambako magego hukikata kama mkasi. Bila hatua ya kwanza, ya pili haipo. Mbwa huyo huyo anayemaliza godoro usiku mmoja anaweza kulilamba turubai lililovutwa kama ngozi ya ngoma mpaka achoke, kwa kuwa jino linateleza.

Kwa sababu hiyo kitanda kinachodumu kwa mtafunaji ni fremu iliyonyanyuliwa, yenye kitambaa kilichovutwa sawasawa na ukingo uliofichwa. Kampuni ya Kuranda ya Marekani imejenga jina lake juu ya jambo hilo moja, yaani kuingiza ukingo wa kitambaa ndani ya fremu badala ya kuuzungusha nje. Wazo la kulala juu ya fremu si geni kwa Pwani. Kitanda cha kamba kimekuwepo vizazi na vizazi, kikipitisha hewa chini na kumtenga aliyelala na unyevu wa sakafu. Tofauti ni kwamba kamba ina mahali pengi pa kushika, na mbwa angeila.

Fundi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza fremu hiyo kwa bomba la chuma la pembe nne. Kitambaa hukunjiwa chini ya fremu, na juu ya mkunjo huo hubanwa ubapa wa chuma kwa skrubu zinazotazama chini. Mbwa akiwa juu haoni ukingo wala skrubu. Kimo cha sentimita 15 hadi 20 kinatosha kupitisha hewa na fagio. Kikizidi hapo, mbwa mdogo ataingia chini na kuanza kazi yake kutokea upande wa pili.

Kipimo cha kukubali kazi ya fundi ni rahisi. Mnunuzi abane kitambaa katikati kwa vidole viwili na kujaribu kukiinua. Akipata mkunjo, mbwa naye ataupata.

Juu ya kitambaa chenyewe, turubai la lori lililopakwa plastiki pande zote mbili ndilo linalopatikana kwa urahisi katika ukanda huu, kwa kuwa Barabara ya Morogoro ni njia ya malori na maturubai yaliyochakaa huuzwa. Lililochakaa kiasi linafaa, mradi vipande vikatwe mbali na matundu na mbali na mahali penye mafuta. Wanaonunua kitambaa kipya cha nailoni au cha poliesta kama kile cha mabegi watakuta namba na herufi D, mathalani 600D au 1680D. Namba hiyo ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Kwa hiyo 1680D ni uzi mnene kuliko 600D, lakini namba peke yake haisemi kama uzi umefumwa kwa kubanana au kwa kuachiana. Kitambaa chenye namba kubwa kinachoonyesha mwanga kikiinuliwa juani ni cha kurudisha.

Chuma kina maswali yake. Hewa ya Pwani na mkojo wa mbwa hukila haraka, hivyo fremu isiyopakwa kitu haitamaliza miaka mingi. Rangi ya zamani yenye risasi ni sumu kwa mbwa anayeguguna. Mabati na mabomba yaliyopakwa zinki hayaoti kutu upesi, lakini nati ndogo ya zinki ikimezwa huweza kuharibu damu ya mbwa na kumuua. Fundi aichomelee nati au aiweke mahali ambapo jino halifiki. Fremu za mbao nazo zipo, ila zisitengenezwe kwa mabaki ya nguzo za umeme, ambazo hulowekwa dawa za kuzuia mchwa na kuoza.

Kuna faida nyingine ya kitanda kilichonyanyuliwa ambayo wafugaji wa maeneo ya mchanga wataithamini. Yupo nzi anayetaga mayai kwenye mchanga wenye kivuli ulionusa mkojo, na viluwiluwi vyake huingia katika ngozi ya mbwa na kuota kama majipu. Mbwa asiyelala mchangani hukutana navyo mara chache zaidi.

Sanduku la maranda

Kabla ya kumwendea fundi wa chuma, mwenye mbwa anayemeza anaweza kufikiria njia ya pili isiyotumia kitambaa kabisa, nayo ni sanduku la mbao lililojazwa maranda. Mbwa anaweza kuyachimba na kuyatawanya lakini hapati cha kuvuta, na akimeza vipande viwili vitatu vyembamba kwa kawaida hupita. Sanduku linahitaji kuta za kumzuia kuyamwaga na chini yenye matundu ya kupitisha unyevu. Kingo za juu zivalishwe ubapa wa chuma, la sivyo zitatafunwa zenyewe.

Maranda yaliyo bora ni ya msonobari mkavu. Vumbi la mninga na la mvule huwasha pua na ngozi, na fundi yeyote wa randa anajua. Maranda yaliyotoka katika banda la kuku yasirudishwe kwa mbwa kwa kisingizio cha kubana matumizi, maana yana kinyesi, wadudu na harufu ya chakula.

Ugumu wa njia hii ni soko. Wafugaji wa kuku wa Kibaha ndio wanunuzi wakubwa wa maranda. Vifaranga vinapoingizwa kwa wingi kulenga sikukuu za mwisho wa mwaka, karakana za mbao huishiwa, na mwenye mbwa mmoja anayetaka viroba viwili hana sauti mbele ya mwenye vifaranga elfu. Anayefuga vyote viwili aweke kando maranda ya mbwa siku anapopokea ya kuku.

Hesabu ya miaka miwili

Bei hutofautiana kati ya fundi na fundi, kwa hiyo takwimu zifuatazo ni za mfano tu, kwa ajili ya kuonyesha njia. Kila mmoja aweke bei za mahali pake.

Tuchukue kipande cha godoro cha shilingi 25,000 kinachodumu mwezi mmoja. Kwa miezi 24 mwenye mbwa atatoa shilingi 600,000. Magunia mawili ya shilingi 1,500 kila mwezi yatagharimu shilingi 72,000 kwa muda huo huo. Sanduku la shilingi 40,000 na viroba viwili vya maranda vya shilingi 1,000 kila kimoja kwa mwezi ni shilingi 88,000. Fremu ya shilingi 80,000, ikibadilishwa kitambaa cha shilingi 15,000 kila baada ya miezi sita, yaani mara tatu, itafika shilingi 125,000.

Sponji imeshindwa vibaya, na hilo halimshangazi mtu. Kinachostahili kutazamwa ni kwamba gunia limeishinda fremu. Muuzaji wa fremu anayemwambia kila mteja kuwa ataokoa fedha hasemi kweli. Kwa mbwa anayechana bila kumeza, gunia la katani linabaki kuwa chaguo la gharama ndogo, na fremu kwake ni suala la usafi na unadhifu.

Kwa mbwa anayemeza hesabu inabadilika. Tofauti kati ya gunia na fremu ni shilingi 53,000 kwa miaka miwili, yaani kama shilingi 2,200 kwa mwezi. Fedha hiyo ni sawa na malipo ya bima. Ikiwa upasuaji wa utumbo, dawa na usafiri vitafika, kwa mfano, shilingi 300,000, basi bima hiyo inalipa iwapo uwezekano wa utumbo kuziba ndani ya miaka miwili unazidi kidogo mara moja katika sita. Mbwa aliyekwisha kuonekana akitoa nyuzi katika kinyesi yuko karibu na hapo kuliko mwenye mali anavyopenda kuamini. Aidha, hesabu hii haijaweka thamani ya mbwa mwenyewe, wala usiku ambao banda linabaki bila mlinzi wa miguu minne.

Dalili za kuziba ni kutapika mara kwa mara, kukataa chakula, kukosa choo au kujikamua bila kutoa kitu, na mgongo kujikunja kwa maumivu. Uzi ukionekana umening'inia kinywani au nyuma usivutwe, kwani unaweza kuukata utumbo. Mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kwa walioko upande wa Kibaha na Mlandizi, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo Morogoro kina hospitali ya wanyama, ingawa mwendo wa huko nao uingizwe katika gharama.

Nafasi kwa mwekezaji mdogo

Kutokana na hesabu hiyo, mwekezaji ataona kwamba soko lipo lakini ni jembamba. Wenye mbwa wengi wataendelea na magunia, na wana haki. Wateja wa fremu ni makampuni ya ulinzi, mashamba makubwa ya kuku, yadi za magari na maghala yanayoongezeka kandokando ya Barabara ya Morogoro, pamoja na wanaozalisha mbwa wa kuuza. Makampuni ya ulinzi yana sababu ya ziada, kwani Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama kujali malazi yake, na mteja wa kampuni akipita getini anamwona mbwa kabla hajamwona meneja.

Kutengeneza fremu 50 na kuzirundika kwenye duka la Maili Moja kungekuwa kufunga mtaji. Njia salama ni kutengeneza mbili za mfano, kumwachia kila mteja mkubwa moja kwa mwezi mmoja pamoja na mbwa wake mbaya kuliko wote, na kupokea oda baada ya hapo kwa malipo ya awali yanayotosha kununua bomba. Vipimo viwe viwili tu, vinginevyo vitambaa vya akiba havitaingiliana.

Faida inayorudi haiko kwenye fremu, ambayo mteja atainunua mara moja. Iko kwenye kitambaa cha kubadilisha. Kitanda cha sentimita 100 kwa 70 kinahitaji kipande cha sentimita 130 kwa 100 pamoja na mikunjo. Turubai zima la mita 6 kwa 4 linatoa vipande 18 likikatwa kwa mpango, na lililochakaa linaweza kutoa kama 12 baada ya kukwepa matundu. Mnunuzi wa turubai la mtumba apige hesabu kwa vipande 12, na vikizidi iwe bahati yake. Kukata upande usiofaa, yaani sentimita 130 kufuata urefu wa mita 6, hupunguza vipande hadi 16 hata kwa turubai zuri, na viwili hivyo vilivyopotea ndivyo mara nyingi vingekuwa faida.

Ofisi za Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, hutoa ushauri kwa mafundi wa aina hii, hasa juu ya kupanga gharama. Fundi asiyeingiza umeme na fimbo za kuchomelea katika bei atauza fremu kwa hasara huku akidhani anapata faida, na msimu wa pili hatakuwepo kuuza kitambaa.

Dhamana nayo iandikwe kwa makini. Mwuzaji aahidi fremu kwa miaka miwili na kitambaa kwa miezi mitatu, na kumtaka mteja arudishe kitambaa kilichochanika. Ukiangaliwa mpasuko unaeleza kila kitu. Ulioanzia katikati ni wa kucha, na mbwa huyo anahitaji kukatwa kucha na kufunguliwa mnyororo kwa saa kadhaa za kukimbia. Ulioanzia ukingoni ni kosa la fundi, na kitambaa kibadilishwe bila malipo.